Imeandikwa Kumi: barua ya wazi kwa wanaosimamia mafunzo ya wasaidizi wa fiziotherapia

KWENU: Wakuu wa vyuo vya afya, wakufunzi na waandaaji wa mitaala, mabaraza yanayotoa leseni, na wakuu wa hospitali zinazopokea wanafunzi

YAH: MAFUNZO YA WASAIDIZI WA FIZIOTHERAPIA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni msaidizi wa fiziotherapia, huu ni mwaka wangu wa 14 kazini, na kwa miaka 9 kati ya hiyo mmekuwa mkiniletea wanafunzi wenu wajifunze kazi wodini. Wengi ni vijana wasikivu, wanafika kabla ya zamu kuanza. Siandiki kuwasema wao. Nawaandikia ninyi mnaowafundisha na kuwapa vyeti, na nitaanza na asubuhi moja.

Mgonjwa alikuwa mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, siku ya tatu. Mwanafunzi alikuwa binti wa muhula wa mwisho, mwenye alama za juu kuliko wenzake wote. Mpango wa tiba ulikuwa kwenye faili: aketi pembeni mwa kitanda, kisha asimame na kuketi mara kumi akiwa ameshika fremu ya kutembelea. Mimi nilikuwa kitanda cha pili, nikimvalisha mgonjwa mwingine kiatu, masikio yangu yakiwa kwao. Binti alihesabu vizuri, kwa sauti ya kutia moyo. Moja. Mbili. Kwenye nne mzee akapiga mwayo. Kwenye tano akaulizwa, "Tuendelee?" na kimya kikapita kabla hajasema "ee". Nikainua macho. Midomo ilikuwa imepauka, jasho limemtoka chini ya pua, vidole vimeng'ang'ania fremu mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Binti akasema, "Sita. Bado nne tu, mzee."

Niliruka. Tukamketisha, tukamlaza, tukainua miguu yake juu ya mito. Presha, tulipokuwa ndiyo kwanza tumemlaza, ilisoma 86 kwa juu. Alfajiri wauguzi walikuwa wameandika 124. Baada ya muda rangi ikamrudi, akatuomba radhi, eti ametusumbua.

Nikamvuta binti pembeni. "Hukumwona?"

"Nilimwona, mwalimu. Lakini imeandikwa kumi."

Nikamuuliza, presha ya mtu aliyesimama ikishuka kiasi gani tunaanza kuogopa? Akajibu hapo hapo: ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, ndani ya dakika tatu za kusimama. Ni sahihi kabisa, na hakuna muuguzi wodini mle ambaye angeisema vizuri zaidi. Kumbe elimu anayo. Ambacho hakuwa nacho ni ruhusa. Katika miaka yake yote chuoni hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kusimamisha zoezi ni sehemu ya kazi yake, na kwamba ataulizwa asipolisimamisha.

Mpango ule uliandikwa jana yake alasiri. Usiku mzee alibadilishiwa dawa ya maumivu, akapewa yenye nguvu zaidi. Mtaalamu aliyeandika mpango hakukosea, aliandika kwa ajili ya mgonjwa wa jana. Mgonjwa wa leo alikuwa mbele ya binti, na binti ndiye aliyekuwa mtu pekee wa kumwona.

Najua jibu lenu, nimelisikia kwenye vikao: msaidizi hana mamlaka ya kubadilisha mpango. Ni kweli, na mimi ni wa kwanza kuutetea mpaka huo. Kumchunguza mgonjwa anapoingia, kutambua tatizo, kuweka malengo na kuandika mpango wa tiba ni kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia, aliyesoma kwa miaka mingi kuliko sisi. Sisi tunautekeleza mpango, tunapima maendeleo, tunarudisha taarifa. Msaidizi anayejipa utaalamu asiokuwa nao ni hatari, na nimewahi kumwona mmoja akimwahidi mama wa watu kwamba atatembea baada ya wiki mbili.

Lakini tazameni mpaka huo unavyofundishwa. Kwenye madaftari ninayoyaona, somo la mipaka ya kazi ni orodha ya "usi" tupu: usichunguze, usitafsiri majibu, usibadilishe, usiahidi. Hakuna "simamisha". Hakuna "ahirisha". Hakuna "piga simu". Mwanafunzi anatoka darasani akiamini kwamba kuishia sita mahali palipoandikwa kumi ni kubadilisha mpango, na kubadilisha mpango ni kupoteza leseni. Basi analiogopa faili kuliko anavyomhofia mgonjwa. Wakati kupunguza marudio, kusitisha na kuita msaada kwa sababu ya usalama wa mgonjwa vyote vimo ndani ya mpaka wetu. Kinachotutoa nje ni kuongeza, kubuni zoezi jipya, au kunyamaza.

Kada hii haikuanza jana. Chama cha fiziotherapia cha Marekani kilikubali rasmi mwaka 1967 kwamba wasaidizi wafundishwe vyuoni, na mwaka 1969 wakahitimu wa kwanza. Mpaka leo kule kozi ni ya takriban miaka miwili, kuna mtihani wa leseni, na msaidizi anatarajiwa kurekebisha zoezi ndani ya mpango uliopo pale hali ya mgonjwa inapodai. Kwingine duniani kuna wasaidizi waliosoma miezi michache, na kuna waliofundishwa kazini na mtu ambaye naye alifundishwa kazini. Sina ugomvi na urefu wa kozi peke yake. Nimefanya kazi na watu wa kozi fupi wenye macho makali sana. Nauliza tu: katika hizo wiki au miaka mliyonayo, ni saa ngapi zinatumika kumfundisha mtu kuona?

Haraka yenu naielewa. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao bilioni 2.4 wanaishi na hali za kiafya ambazo zingepata nafuu kwa huduma za utengamao (za kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake), yaani karibu mtu mmoja kati ya kila watatu. Shirika hilo lilianzisha mwaka 2017 mpango wake wa utengamao unaolenga mwaka 2030, na Mei 2023 mkutano mkuu wake ukapitisha azimio la kuziingiza huduma hizi katika mifumo ya afya ya nchi. Wazee wanaongezeka, wanaopona kiharusi wanaongezeka, wanaonusurika ajali wanaongezeka. Kila kikao cha mambo haya huishia kwenye maneno "rasilimali watu", na njia ya mkato ya kuzipata ni kumwaga wasaidizi wengi kwa muda mfupi. Sawa. Ila mgonjwa hakai na takwimu. Mtaalamu akishamchunguza na kwenda zake wodi nyingine, anayebaki naye asubuhi baada ya asubuhi ni sisi.

Nije darasani.

Mwanafunzi hujifunza kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu kwa kumtumia mwanafunzi mwenzake. Mwenzake ni mgonjwa mzuri mno. Akiambiwa alegee, analegea nusu. Ukikaribia kumwangusha anajishika mwenyewe. Miguu yake inajua sakafu iko wapi. Kisha mwanafunzi huyo anakuja kwangu, anakutana na mtu aliyepata kiharusi wiki iliyopita, ambaye badala ya kuegemea upande ulio mzima anatumia mkono wake mzima kujisukuma kuelekea upande uliopooza. Wagonjwa wa namna hii wapo, na ukijaribu kuwanyoosha kwa nguvu wanasukuma zaidi, kwa sababu katika hisia zao wewe ndiye unayewaangusha. Mwanafunzi asiyewahi kusikia habari hii humenyana naye kama anamenyana na mlango uliokwama. Ama wote wawili wanaishia sakafuni, ama mgongo wa mwanafunzi unaishia hapo.

Halafu kuna suala la mkono. Katika kila kundi, bila kukosa, yupo anayemwinua mgonjwa wa kiharusi kwa kumvuta mkono uliopooza. Bega lina kikombe chenye kina kifupi. Kinachokishikilia kichwa cha mfupa mahali pake ni misuli, na misuli ikishalegea, hata uzito wa mkono unaoning'inia unaweza kukishusha. Sasa uje wewe uvute. Utamwachia mgonjwa maumivu ya miezi, na ataulinda mkono ule usiguswe hata siku nguvu zinapoanza kurudi. Haya yote yapo kwenye vitabu vya wanafunzi wenu, wameyapigia mstari kwa kalamu ya rangi. Mkono unavutwa vilevile, kwa sababu mikono yetu huiga kile ilichozoea kufanya, na darasani ilizoea kumvuta rafiki mwenye bega zima.

Niwasimulie jaribio dogo. Kuna mzee niliyemhudumia zamani, sasa anatembea kwa fimbo. Siku moja alipokuja kliniki nilimwomba akae na wanafunzi wanne kwa nusu saa. Hakutoa mhadhara. Alikaa pembeni mwa kitanda akasema, "Haya, niinueni." Wa kwanza akamshika mkono. "Hapo umeniumiza." Wa pili akamfunga mkanda wa kiunoni, akaushika vizuri, akahesabu moja mbili tatu, akavuta. "Hukuniambia tunakwenda wapi." Wa tatu akapiga goti mbele yake, akamsogeza mbele kwenye godoro, akairudisha miguu yake nyuma kidogo ya usawa wa magoti, akamwambia ainame mpaka pua ivuke vidole vya miguu, kisha asimame. Mzee akainuka karibu peke yake, mkanda ukiwa umeshikwa tu kwa tahadhari. Wa nne akabaki anacheka, maana hakubakiwa na kazi.

Nusu saa ile iliwafundisha zaidi ya muhula mzima wa kuinuana wenyewe kwa wenyewe. Waiteni watu kama yeye darasani, na muwalipe kama mkufunzi mwingine yeyote. Wanasesere wa plastiki mnawanunua kwa fedha nyingi na hawajawahi kumwambia mtu "hapo umeniumiza".

Kitanda nacho. Nitasema haraka maana ni aibu. Kuna mpini upande wa miguu, ukiuzungusha kitanda kinapanda hadi usawa wa nyonga zako. Wanafunzi wanakuja kwangu wameinama juu ya kitanda kilicho chini kama wanapalilia, wiki ya tatu wanalalamika kiuno. Hakuna aliyewaonyesha mpini, kwa sababu darasani hakuna kitanda chenye mpini, kuna meza. Kazi hii inavunja migongo ya watu kabla hawajafika miaka 40, na mnawaleta kuianza wakiwa na migongo isiyojua kujilinda.

Sasa mafunzo kwa vitendo, na hapa nitajisema na mimi.

Wanafunzi hufika sita, wakati mwingine wanane, kwa msaidizi mmoja. Siku ya kwanza wodi inafurahi: wamepatikana watu wa kusukuma machela, wa kupeleka vipimo maabara, wa kukunja shuka. Mwanafunzi anaweza kumaliza wiki nzima bila kumgusa mgonjwa kwa mazoezi zaidi ya mara mbili. Anasimama mguuni mwa kitanda na wenzake watano, mmoja anashika goti, wanne wanaangalia, mmoja yuko kwenye simu. Daftari lake la mafunzo lina nafasi za kusainiwa: kupima mwendo wa kiungo kwa gonimita (kifaa cha kupimia pembe ya kiungo) mara kadhaa, kupima nguvu ya misuli kwa kipimo cha 0 hadi 5, kufundisha kutembea kwa magongo, kupanda na kushuka ngazi. Ijumaa jioni madaftari yanakuja kwangu yote kwa pamoja, yamepangwa, yamefunguliwa kwenye kurasa husika, na kalamu juu yake.

Nimesaini. Miaka kadhaa nimesaini. Nilijiambia kijana asicheleweshewe mtihani kwa sababu wodi ilikuwa na shughuli nyingi, na kwamba atajifunza mbele ya safari. Nimesaini "ameweza kufundisha ngazi" kwa mtu ambaye sikuwahi kumwona karibu na ngazi. Wote wanaukariri ule msemo: ukipanda tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza mguu mgonjwa. Waulizeni wao wasimame wapi mgonjwa anapopanda, na wapi anaposhuka. Jibu ni nyuma yake kwa upande dhaifu anapopanda, mbele yake anaposhuka, kwa sababu ndiko atakakoangukia. Nusu yao watasimama juu yake, wakimwita.

Narudi kwa yule binti, kwa jambo ambalo sikulisema pale mwanzo. Baada ya mzee kutulia nilifungua faili niandike kilichotokea. Nikakuta tayari pameandikwa, kwa mwandiko wake safi: "Kusimama na kuketi x10. Mgonjwa amevumilia mazoezi vizuri." Alikuwa ameandika kabla ya kuanza, ili asichelewe kwa mgonjwa wa pili.

Nilikuwa na maneno makali mdomoni. Kisha nikakumbuka ile kalamu ya Ijumaa, nikayameza. Sentensi hiyo, "amevumilia mazoezi vizuri", imejaa kwenye mafaili ya idara zetu kama mhuri. Wanafunzi wanaiokota kwetu siku ya kwanza. Haisemi chochote. Mtaalamu anayesoma kesho hatajua kama mgonjwa alifanya kumi akitabasamu au sita akikaribia kuzimia, na atapandisha zoezi hadi kumi na tano. Mnafundisha uandishi wa taarifa kwa somo moja la nadharia, lenye vichwa vya habari vya kukariri. Mngewapa wanafunzi wagonjwa wawili tu kwa wiki na kuwadai aya nne za ukweli, mngeona tofauti: alifanya mangapi, alisema nini kwa maneno yake, presha na mapigo kabla na baada, na kwa nini tuliacha.

Kutoa taarifa kwa mdomo hakufundishwi kabisa. Mtaalamu anasimamia wodi tatu, amepokea simu akiwa kwa mgonjwa mwingine. Una nusu dakika. Mwanafunzi wangu mmoja alianza na "Samahani daktari, habari za saa hizi, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili..." na kabla hajafika kwenye neno "damu" simu ilikuwa imekatwa. Nani, kitanda gani, nimeona nini, nimefanya nini, nakuhitaji uje au nisubiri. Hayo matano yanahitaji kurudiwarudiwa mpaka yatoke yenyewe, kama sala ya mtoto.

Ombi langu kubwa basi liko kwenye mtihani wa vitendo, kwa kuwa kinachotahiniwa ndicho kinachosomwa. Wekeni chumba kimoja ambacho jibu sahihi ni kutofanya zoezi. Karatasi mlangoni iseme: siku ya tano baada ya upasuaji wa goti, nyoosha kifundo cha mguu na mtembeze mita 20. Ndani akute mtu ambaye shavu la mguu wake mmoja limevimba, lina joto, linauma likiguswa, na mguu wa pili uko sawa. Mwanafunzi anayeanza kuukanda mguu ule ameshindwa, hata kama mikono yake ni ya dhahabu, kwa sababu huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kipande kikichomoka kitapanda hadi mapafuni. Anayemwacha mgonjwa ametulia, akamwita muuguzi, akampigia mtaalamu na kuandika alichokiona apewe alama zote. Chumba kingine, mgonjwa apige mwayo kwenye nne na kupauka kwenye tano. Muone ni wangapi watafika kumi.

Msimamizi naye asiwe jina tu kwenye barua ya kuwapokea wanafunzi. Mara nyingi jina lililoandikwa ni la mtaalamu ambaye yuko likizo, au yuko jengo lingine, au hajui kwamba jina lake limeandikwa. Kila zamu iwe na mtu mmoja anayejulikana, na wanafunzi wasizidi watatu kwake. Hospitali ikisema haina watu wa kutosha kwa uwiano huo, basi isipokee sita. Nafahamu mnavyoishi kwa ada za wanafunzi, na hospitali zinavyoishi kwa mikono yao ya bure. Ni ndoa inayowafaa ninyi wawili. Mtoto wa kambo hapo ni mgonjwa.

Kuhusu kupanda ngazi ya taaluma nitasema kidogo, ingawa wenzangu wangetaka niandike kurasa. Msaidizi mwenye miaka kumi kazini akitaka kusomea utaalamu kamili, mara nyingi anaanzishwa upya, anakaa darasani akifundishwa jina la mfupa ambao ameushika kila siku. Marekani wana vyuo vichache vyenye njia ya kumvusha msaidizi hadi kuwa mtaalamu bila kufuta alichokwishajifunza. Kwingine mlango huo haupo. Matokeo yake wazuri wetu wanahama fani, na wanaobaki wanaacha kusoma. Nani ajifunze kuona zaidi ikiwa kuona kwake hakutahesabiwa popote? Mabaraza ya leseni mnalo hili mezani kwenu, na nitawaandikia barua yake.

Yule binti alibaki nami wiki tano zaidi. Jumatatu iliyofuata alikuja na mashine ya presha mkononi kabla ya fremu. Alipitia kwa muuguzi akauliza kama kuna dawa iliyobadilishwa usiku. Sikumwagiza. Alhamisi akanijia nikiwa nafunga mkanda wa mgonjwa mwingine, akasema kwa sauti ya mtu anayesubiri kugombezwa: "Mwalimu, nimeishia saba. Alisema moyo unaenda mbio, nikahesabu mapigo, nikamketisha, nimempigia mtaalamu, anakuja." Nilikwenda kuangalia faili. Lilikuwa na saba, lilikuwa na mapigo kabla na baada, na maneno ya mgonjwa yakiwa ndani ya alama za kunukuu.

Alijifunza hayo katika wiki za mwisho za masomo yake, na ni kwa sababu tu mzee mmoja alikaribia kuanguka mbele yangu. Wenzake watano wa kundi lile walikuwa wodi nyingine siku ile. Wamehitimu wote.

Kundi lenu lijalo litafika mwanzoni mwa muhula, kama kawaida. Nawaomba mambo matatu yawe yamefanyika kabla: majina ya wasimamizi waliokubali kwa midomo yao, idadi ya wanafunzi isiyozidi watatu kwa kila msimamizi, na karatasi moja yenye mhuri wenu inayomwambia mwanafunzi kwamba anaruhusiwa kusimamisha zoezi na kwamba hataadhibiwa kwa hilo. Karatasi hiyo nitaibandika ukutani kwenye chumba cha mazoezi, juu ya zile fito sambamba za kufundishia kutembea, mahali ambapo mgonjwa naye ataisoma.

Kwa upande wangu, sitasaini tena daftari kwa jambo ambalo sikuliona. Madaftari yatakayorudi chuoni yakiwa na nafasi tupu hayakusahaulika. Mkiyarudisha kwangu ili yajazwe, nitayarudisha yalivyo. Na yeyote kati yenu anayetaka kuona ninachokisema, zamu yangu huanza saa moja asubuhi. Njooni bila taarifa, na mje na viatu vya kusimamia.

Wenu katika kazi,

Msaidizi wa fiziotherapia, wodi ya upasuaji wa mifupa